Kasha la Amplifaya ya Shigela

Bujiku, fundi redio wa stendi ya Bariadi, kazi aliijua. Lakini miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa redio za Dubai, jina lake lilichafuka vibaya. Redio mbili ziliingia kibandani kwake zikikoroma, zikatoka bubu kabisa. Basi! Binadamu hawana dogo. Wakambandika jina la Mzishi, tena mbele ya mkewe Nyanjige, na wateja wakahamia kwa mafundi wengine.

Siku moja akaja Shigela, manju wa ngoma kutoka Dutwa, na gunia begani. Ndani mlikuwa na amplifaya aliyoinunua Mwanza baada ya kuuza pamba. Ilianguka kutoka juu ya basi, kasha lake la bati likakunjika kama chapati. Mafundi watatu walishamwambia aiuze vipuri.

"Mwadila, fundi," alimsalimu kikwao. "Jumamosi ijayo tunashindana na kundi la Nyanda. Umebaki wewe tu."

Kukumbukwa mwisho si heshima. Lakini Bujiku alipofungua aliikuta transfoma nzima na bodi nzima. Kilichokufa ni kasha tu. Akajua kwamba hii ikilia mbele ya umati, jina lake limerudi. Isipolia, afunge kibanda akalime.

Akaunda kasha la mninga, akalipiga randa mpaka likateleza, akatoboa matundu chini na juu hewa ipite, akafunga bodi kwa skrubu. Akawasha jenereta. Lahaula, mashine ikavuma kama mzinga wa nyuki! Siku mbili alibadili nyaya, akanuna, akasusa na ugali.

"Kula, baba," Nyanjige alimwambia. "Njaa haijawahi kutengeneza redio."

Alikula, na akiwa anakula akili ikamrudia. Kasha la zamani lilikuwa la bati, na bati ndilo lililokuwa likizuia kelele. Mbao ni nzuri kwa macho tu. Akaenda sokoni, akanunua debe tupu, akalikata na kulitandaza ndani ya kasha pande zote, hata kwenye kifuniko, kisha akaliunga na waya mdogo wa athi, ule unaonyonya kelele. Mvumo ukakatika. Bujiku alicheka peke yake, na hakuona aibu.

Jumamosi ikafika. Kule ngoma haina mwamuzi wa kuandika maksi. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu. Shigela aliposhika maiki, sauti ilitoka safi, kila neno linasikika mpaka barabarani. Wakaanza kuhama akina mama, wakafuata wazee, na mwisho Nyanda akabaki na wapiga ngoma wake na mbuzi mmoja wa watu.

Nyanda akavuka uwanja amefura. "Dawa za kuvuta watu sote tunazo," alisema. "Ila msinidanganye kwamba Mzishi ametengeneza kitu hicho. Hiyo ni kazi ya mganga."

Watu wakaguna kumkubali. Na Shigela je? Akatabasamu tu! Kusifiwa kwa dawa kali kulimfaa. Bujiku aliumia hasa. Yaani siku mbili bila usingizi, halafu sifa apewe mganga! Akachukua bisibisi, akafungua kifuniko mbele yao. Mashine ikavuma. Akakirudisha, ikanyamaza.

"Mmeona!" mmoja akapayuka. "Dawa iko kwenye kifuniko!"

Bujiku akakitoa tena kifuniko, akakigeuza, bati likawa juu. Mama mmoja akajipenyeza hadi mbele, Domitila, muuza mafuta wa sokoni.

"Dawa gani?" alisema. "Hilo ni debe langu la mafuta ya kula. Tazameni hapa ng'ombe alipolikanyaga. Huyu alilinunua kwangu Jumatano, nikamcheka."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nyanda hakucheka. Aliinama, akapapasa bati, akafuata kwa kidole ule waya mdogo mpaka ulikofungwa, akatazama tena. Alipoinuka hasira ilikuwa imemtoka.

"Fundi," alisema taratibu, "na amplifaya yetu iko chini ya kitanda, ina miezi miwili inakoroma. Itapona?"

"Ilete Jumatatu," Bujiku alijibu bila kuinua kichwa. Alikuwa akikaza skrubu za kifuniko, moja baada ya nyingine, wala hakuwa na haraka. Shigela alikuwa ameshika maiki, ngoma zote mbili zimesimama, na uwanja mzima unamngoja fundi amalize.