Vichaka Elfu Mbili vya Delfina

Delfina Arellanes alikuwa na umri wa miaka sitini na minane siku alipoambiwa kwamba yeye ndiye anayewamaliza vipepeo wa Mesa Parda.

Hakuambiwa kwa ukali. Tomiko Hirata, mtaalamu wa mimea aliyekuja kuhesabu vipepeo wa pwani ile, alikuwa mama mtaratibu, mwenye sauti ya muuguzi anayempa mtu majibu ya vipimo. Ilikuwa asubuhi ya Julai, ukungu wa bahari haujainuka. Wanawake hao wawili walikuwa wamesimama katikati ya mteremko, na vichaka vya Delfina vimewazunguka kila upande, zaidi ya elfu mbili. Kila kimoja alikiotesha mwenyewe kwa mbegu.

"Bi Delfina," Tomiko alisema, "mbegu hizi ulizitoa wapi?"

Delfina akatabasamu. Hilo ndilo swali alilopenda kuulizwa kuliko yote.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya pale mjini. Nyumba yake ilikuwa juu ya mteremko unaoshuka hadi kwenye magenge ya bahari. Alipokuwa mtoto, mteremko wote ulikuwa bakwiti-mwitu: kichaka kinachomfika mtu magotini, kisicho na undugu na ngano, chenye maua meupe yanayoingia uwaridi na mwishowe kugeuka rangi ya kutu. Ndani ya maua hayo, na si penginepo popote, kipepeo mdogo wa buluu, mpana kama ukucha wa kidole gumba, alitaga mayai yake. Baadaye watu walileta mmea mnene wa kutambaa kutoka Afrika Kusini ili uzuie udongo usiporomoke. Mmea huo ulitambaa ukameza kila kitu.

Alipostaafu, Delfina alichukua sululu akaanza kuung'oa. Akaacha udongo mtupu, akahitaji mbegu. Mbegu zilikuwapo tele kando ya barabara kuu, kwenye kingo zilizochongwa barabara ilipopanuliwa. Bakwiti ilikuwa imeota pale kwa wingi, ya mwitu kabisa, haina mwenyewe. Kila Novemba alikwenda na foronya ya mto, akavuna vichwa vya maua vilivyokauka, akavipikicha viganjani na kupuliza makapi. Alizipanda kwenye maboksi matupu ya maziwa aliyookotewa na wapishi wenzake wa zamani. Boksi la maziwa ni refu, na bakwiti huanza na mzizi kabla haijajali majani. Mchanga mwingi, udongo kidogo, mbolea hata chembe. Maji kidogo tu, maana ukiihurumia bakwiti kwa maji umeiua. Mvua ya kwanza ikinyesha, anaihamishia mteremkoni bila kuugusa mzizi.

Dada yake Amparo, aliyekaa nyumba ya pili, hakukoma kumtania.

"Wenzako wakistaafu wanalea wajukuu. Wewe unalea magugu!"

"Wajukuu zangu hawaombi hela," Delfina humjibu.

Miaka kumi na miwili ilipita hivyo. Jambo moja tu lilimsumbua. Kila Julai vipepeo walizidi kupungua. Basi kila mwaka alizidisha miche. Aliona hawatoshelezwi na maua.

Hayo yote alimsimulia Tomiko pale mteremkoni, kwa furaha, mikono ikienda huku na huku. Alipotaja barabara kuu, Tomiko alifumba macho.

"Mbegu zile zilimwagwa na mkandarasi wa barabara ili zishike udongo," alisema. "Magunia kwa magunia. Ni bakwiti ya bara, Bi Delfina, ya kule milimani kwenye joto. Si ya hapa."

"Bakwiti ni bakwiti."

Tomiko hakubishana. Alishuka hadi ukingoni mwa genge, ambako vichaka vichache vya kale vilikuwa vimeng'ang'ania mwamba, akarudi na kijitawi kimoja. Akachuma kingine kutoka kichaka cha Delfina. Akaviweka vyote viwili kwenye kiganja cha Delfina.

Kimoja kilikuwa na majani ya duara, mafupi, manene, meupe kwa chini kama yamevishwa pamba. Kingine majani yake yalikuwa membamba, yamechongoka, yamejazana kama sindano. Havikufanana. Mtoto wa chekechea angeviona havifanani. Delfina aliviangalia kimoja, kisha kingine.

"Hii yako inachanua lini?" Tomiko akauliza.

"Mei. Zangu zinawahi kwa sababu nazitunza."

Akasikia maneno yake mwenyewe, akakumbuka kwamba ile ya utotoni ilichanua Julai.

Tomiko alitandika kitambaa cheupe chini ya kichaka cha Delfina, akakitikisa kichaka. Viwavi wa kijani na wa kahawia wakadondoka, thelathini, arobaini, wakijinyonganyonga. Hakuna hata mmoja wa kipepeo wa buluu. Hao walikuwa wadudu wa kawaida waliopata karamu tangu Mei, wakazaana juu ya maua ya Delfina miezi miwili kamili kabla bakwiti ya kweli haijachanua. Kisha wengi wao walishuka hadi gengeni kuyala maua ya kule. Tomiko alitikisa kichaka cha kale pia. Viwavi walewale. Katikati yao alikuwapo kijidudu kimoja cha rangi ya waridi, kinene, kimeliwa nusu.

"Huyu ndiye," alisema polepole. "Huyu angekuwa wa buluu."

Delfina akakaa chini palepale kwenye udongo, kitambaa kikiwa mbele yake na viwavi wakitambaa kuelekea viatu vyake. Miaka kumi na miwili. Kila alipoona wamepungua, aliongeza. Kila alipoongeza, walipungua.

"Mwaka huu umehesabu wangapi?" aliuliza hatimaye.

"Tisa."

"Mia tisa?"

"Tisa, mama."

Siku mbili Delfina hakutoka nje. Hakulia. Alikaa jikoni na vile vijitawi viwili mezani, akivitazama kama mtu anayesoma barua ya habari za msiba, anafika mwisho, anaanza upya. Amparo alileta supu ya maharagwe na tortila za moto, zile chapati nyembamba za mahindi, akaviona vinapoa.

"Hukujua," Amparo alisema. "Nani angejua?"

"Mimi. Nilizaliwa hapa. Nimecheza kwenye ile bakwiti ya zamani mpaka nguo zikanuka. Nimeyashika majani yale kwa vidole hivi."

Siku ya tatu alfajiri, majirani walisikia vishindo. Walipochungulia walimwona Delfina mteremkoni na sululu, aking'oa vichaka vyake kimoja baada ya kingine na kuvitupa juu ya turubai. Watu walitoka na vikombe vya kahawa mkononi, wakasimama midomo wazi. Wengine walidhani amepatwa na kiharusi. Kaka mmoja aliyepita na mbwa wake alimwita kwa mbali, hakujibiwa. Amparo alitelemka mbio na kandambili miguuni.

"Delfina! Umerukwa na akili?"

"Shika turubai."

"Miaka kumi na miwili! Mikono yako ilivimba kwa ajili ya hivi vichaka, unavifanya hivi?"

"Shika turubai, Amparo, maua yasidondoke yakaota tena."

Amparo alimtazama dada yake usoni, akashika turubai. Saa moja baadaye alikwenda kuvaa mabuti na akarudi na jembe lake mwenyewe, akitukana mizizi kwa Kihispania. Bakwiti ya miaka kumi haing'oki kirahisi. Mzizi wake umekwenda chini kama msumari. Siku ile waling'oa ishirini na sita.

Kazi ile iliwachukua karibu miaka mitatu. Tomiko alikuja kila Jumamosi. Hakuruhusu mteremko uachwe uchi, kwa hiyo walikwenda kipande kwa kipande, na Oktoba ya mwaka ule walivuna mbegu kutoka vile vichaka vya kale vya gengeni. Vilikuwa thelathini na kimoja tu. Delfina alilala kifudifudi juu ya mwamba, Tomiko amemshika mkanda wa suruali, akachuma vichwa vya maua na kuvitia kwenye bahasha. Alipovipikicha nyumbani, mbegu nyingi zilikuwa ganda tupu. Viwavi walikuwa wamezila ndani. Kiganja kizima cha makapi kilitoa mbegu nzima mia mbili na kumi.

Zamani angezimwaga na kuzisahau. Safari hii alizigawa. Nusu alizipanda moja kwa moja. Nusu alizichanganya na mchanga mbichi kwenye kopo, akaliweka ndani ya jokofu wiki sita, ili ziamini kwamba majira ya baridi yamepita.

"Nimekaribia kuzitia mbegu zako kwenye mayai," Amparo alilalamika, kopo mkononi. "Nilidhani pilipili manga."

Zilizopandwa moja kwa moja ziliota kumi na tatu. Za kwenye jokofu ziliota hamsini na nane. Delfina alizihesabu mara tatu, akampigia Tomiko simu kwa sauti ya kunong'ona, kana kwamba akisema kwa nguvu zitarudi ardhini.

Hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo lilimfanya ashike ukingo wa sinki. Miche aliyoigawa. Kwa miaka kumi na miwili aliwapa watu bakwiti kama wengine wanavyotoa keki: kwenye harusi, ubatizo, mtu akihamia mtaani, mwalimu akistaafu. Mji mzima ulikuwa umechanua kila Mei kwa mkono wake.

Alikwenda mlango kwa mlango. Alivaa gauni la kanisani na kubeba sululu. "Nilikupa zawadi," alikuwa akisema, "nimekuja kuichukua." Wengine walicheka, wakadhani ni mzaha. Wengine walimsaidia kung'oa. Mama mmoja alimwambia usoni, "Kwa hiyo ulitulisha uongo miaka yote hiyo?" na Delfina akajibu, "Ndiyo."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Burl Kessinger, fundi bomba mstaafu, mzee mrefu asiyependa wageni. Kichaka chake kilikuwa kando ya ngazi, kikubwa kuliko vyote. Alimsikiliza Delfina hadi mwisho.

"Hapana," akasema.

"Bwana Kessinger, viwavi wakizaliana hapa—"

"Nimekusikia. Mke wangu Marjean alikipanda mwenyewe. Alikuwa anaumwa wakati ule, hawezi hata kuinama, akanikataza nisimsaidie. Alikaa chini kwenye ngazi akachimba kwa kijiko. Wiki tatu baadaye nikamzika." Alisimama mbele ya kichaka, mikono imelegea pembeni. "Unataka niking'oe hiki?"

Delfina alisimama pale njiani. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, hakujiandaa kwa hilo. Alimkumbuka Marjean akija na kikapu kuchukua mche, amefunga kitambaa kichwani, akimwambia kwamba anataka kitu kisichohitaji kumwagiliwa, maana Burl atasahau. Sululu ilimwia nzito. Aliiegemeza kwenye uzio.

"Una mkasi wa maua?" akauliza.

"Wa nini?"

"Tusikiachie kichanue. Mei, vichwa vikianza kutokeza, tunavikata vyote. Kisipochanua, hakina wa kumlisha. Majani yatabaki. Kichaka kitabaki."

Burl aligusa jani moja kwa kidole. "Utakata wewe. Mimi siwezi."

"Nitakata mimi."

Julai iliyofuata Tomiko alihesabu vipepeo sita. Delfina aliingia ndani, akafunga mlango. Hakumfungulia hata Amparo mpaka jioni. Mwaka uliofuata walikuwa saba. Mwaka wa tatu, ile miche ya jokofu ikiwa imechanua kwa mara ya kwanza mteremkoni, na vile vichaka elfu mbili vimeisha vyote, Tomiko alipanda kutoka gengeni akitweta, daftari kifuani.

"Ishirini na wawili."

"Rudi ukahesabu tena."

"Nimehesabu mara mbili, Bi Delfina."

"Basi mara ya tatu. Twende wote."

Walihesabu ishirini na wanne. Delfina hakushangilia. Alisimama akiwatazama, mkono mdomoni.

Kila Mei, katika juma la kwanza, Delfina huenda nyumbani kwa Burl Kessinger. Hupiga magoti kando ya ngazi, akakata vichwa vya maua kimoja kimoja kabla havijafunguka, akavitia kwenye mfuko wa karatasi. Kazi huchukua saa mbili na zaidi. Burl hukaa ngazi ya juu, hamwangalii, anatazama barabarani. Delfina akimaliza, Burl humpa kahawa isiyo na sukari kwenye kikombe chenye ufa, nao hunywa, kila mmoja kwenye ngazi yake.