Kombe Ndani ya Rejeta

Mama alipotoka eda alinunua gari. Wanawake wengine wa mtaa wetu wa Malindi wakitoka eda huoga, hujifukiza udi, wakaenda kutembelea jamaa. Mama yangu alichukua fungu letu la mirathi, lake na langu, akanunua kigari cha abiria kilichochoka, chenye mlango wa kusukuma, ambacho hoteli moja ya ufukweni ilikuwa ikibebea watalii hadi watalii wenyewe wakakataa kukipanda. Nilipokiona mlangoni nilishika kichwa. Nilidhani amerukwa na akili.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Nyumba ya baba ilikwisha kuuzwa ili warithi wagawane, na sisi wawili tulikuwa tumepanga vyumba karibu na soko. Kaka yake mkubwa, mjomba wangu, aliyeendesha malori mpaka akastaafu, alimtaka ahamie kwake Barani akatunzwe. Mama hakutaka kutunzwa. Alishona mapazia ya kijani, akayatundika kwenye madirisha ya gari, akatangaza kwamba atachukua wanawake wanaokwenda harusini, waende wamejipamba na mtu asiwaone njiani. Mjomba angeendesha, na kodi ya nyumba ingetoka humo. Gari likienda, tungebaki kwetu. Likifa, tungekwenda Barani kuomba ruhusa ya kuinjika chungu.

Harusi hazikukosekana. Kilichokosekana ni gari lenyewe. Sikuwa najua kwamba gari lina vitu vingi hivyo vya kufa! Ilianza betri. Ikafuata stata, basi ikawa kila safari yaanza kwa kusukuma. Breki zilishika upande mmoja tu, gari likawa lataka kuingia majumbani mwa watu. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula sakafu, na siku moja shangazi wa bwana harusi alikanyaga mahali pabovu, kiatu chake cha dhahabu kikapita na kubaki njiani Gede, naye akapiga ukelele tukadhani ni mguu. Mlango wa kusukuma ulichomoka, ukabaki mikononi mwa mama mbele ya wageni. Kila spea ilitoka Mombasa, na kila ilipotajwa bei yake mama alikaa kitako kwanza. Hapo hujataja bima, leseni wala mipira ya magurudumu.

“Rahisi huwa ghali, nilikwambia,” mjomba akasema.

“Si urahisi, kaka. Ni jicho. Watu wanaliangalia sana gari hili.”

Nilicheka hadi nikapaliwa. Gari lina kutu mpaka kwenye paa, lafuka moshi mweusi, nani alionee kijicho? Lakini mama alikwisha kuamua. Alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani akaomba kombe la mgonjwa. Mwalimu akaandika aya kwa zaafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi ya mawaridi, akamtilia mama kwenye chupa. Alimuuliza kama mgonjwa aweza kunywa mwenyewe. Mama, ambaye hakuwa mwongo, alijibu kwamba ni mnywaji mkubwa, hakatai maji. Akarudi nyumbani, akafungua kifuniko cha rejeta, akasema Bismillahi, akamimina chupa nzima. Nilisimama kinywa wazi.

Na ajabu ni kwamba gari lilikwenda. Lilikwenda kwa muda, tukalipa kodi, mama akanitazama kwa jicho la ushindi.

Kisha ikaja harusi ya Kilifi, kubwa kupita zote. Asubuhi yake tulilipitisha gari kwa fundi wetu. Akafungua rejeta, akatia kidole, kikatoka chekundu.

“Mama, mwatia maji gani humu?”

“Ya kisima.”

“Ya chumvi? Rejeta imeziba. Hii haifiki Kilifi. Yanamwagwa yote sasa hivi, naiosha, mwaenda zenu.”

Akainama chini kufungua koki. Mama alipiga kelele ambayo sijaisikia tena. “Usifungue! Mna kombe humo!”

Fundi alitoa mkono haraka. Sote tukatazama chini. Ilikuwa oili, ilikuwa matope, na mbuzi wa jirani walikuwa wamepita kwa shughuli zao. Aya za Mungu zimwagwe hapo, watu wazikanyage kwa viatu?

“Astaghfirullah,” fundi akasema. “Mimi siguzi.”

Nilimgeukia mjomba. Yeye ndiye mtu wa magari, nikajua atamgombeza dada yake, aseme jambo la maana. Mjomba alivua kofia, akajikuna, akasema, “Kombe humwagwa baharini.”

Sikuamini masikio yangu. Nikasema, mbona tusiyakinge kwa karai? Fundi akanionyesha karai lake pekee, la kuoshea vyuma, jeusi kwa uchafu. Kukimbilia jingine nyumbani hakukuwa na wakati. Wanawake walikuwa wanangoja, wamekwisha kujitia hina na asumini, na tulikuwa tumechelewa. Ndipo mjomba akatoa uamuzi wake: Kilifi nako si kuna bahari? Tutafika, tutashusha abiria, tutalipeleka gari ufukweni, tuyamwage huko kwa heshima. Mama akasema hayo ndiyo maneno. Fundi akaitikia kwa kichwa. Watu wazima watatu wenye akili zao, na hakuna aliyeuliza gari litafikaje.

Tulipopita Matsangoni mvuke ulianza kupanda kupitia tundu la sakafu. Wanawake wakapiga kelele, wanja ukawachuruzika mashavuni. Mjomba alikaza macho mbele, akisoma dua. Karibu na Tezo injini iligonga kwa nguvu, ikagonga tena, ikanyamaza. Tulipofungua, rejeta ilikuwa kavu. Kombe lote lilikuwa limepanda mbinguni, hakikubaki cha kukanyagwa.

Likapita lori lililobeba magunia ya korosho, likasimama. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Wanawake wa heshima, waliolipia mapazia, wanapandishwa juu ya magunia kwa kushikwa mikono na wapagazi, hariri zao zikikwama kwenye misumari, na barabara nzima yawatazama. Hakuna aliyemuaga mama.

Mjomba, aliyeondoka na lori lile, alirudi kutoka Kilifi na fundi mwingine. Huyo hakuchukua muda. Hedi imepasuka, alisema, na pistoni zimeshikana. Gari lataka injini nyingine. Mjomba akamuuliza bei. Akaitaja. Hata tungeliuza gari, mapazia, na vitanda vyetu, tusingeinunua hiyo injini.

Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya barabara, buibui lake limejaa vumbi. Nilijitayarisha. Mama aliyekuwa akibishana na mwenye nyumba, na mashemeji zake, na wauza spea wa Mombasa, nilijua sasa atainuka. Atamwambia fundi huyu kwamba hajui kazi, na kaka yake kwamba hajui kuendesha, na mimi kwamba nina kisirani.

“Kaka,” akasema, “chumba hicho cha Barani kina dirisha?”

Mjomba alishtuka kuliko mimi. “Kina, dadangu. Dogo, lakini kina.”

“Basi Jumamosi njoo na mkokoteni. Njoo mapema, majirani hawajaamka.”

Nilimtazama usoni, nikangoja abishe. Alikuwa akikung'uta vumbi tu. Niliangua kilio pale pale kando ya barabara, na mama akaniuliza, kwa mshangao wa kweli, kama nalilia gari.