Moyo Mnene wa Orrin Tollefsrud

Katika mji wetu wa Minnesota, Orrin Tollefsrud aliuza mashine za kuondolea theluji, na kazi yake ya pili ilikuwa kujisifu. Alinyoosha mkono mezani pale mgahawani akamlazimisha mtu aguse mshipa wake.

"Unasikia hapo? Dume hilo! Wako wewe unabisha hodi kama mgeni mwenye haya."

Kweli, mshipa uliruka. Tulimsifu, maana asiposifiwa hanyamazi.

Mkewe, Ardis, akamburuta kwa Daktari Beaulieu. Orrin akamnyooshea na yeye mkono.

"Hiyo si nguvu, mzee," daktari akamwambia. "Mishipa yako imekakamaa. Kila moyo unaposukuma damu, wimbi linakimbia hadi kwenye vishipa vya mbali, na sehemu yake inarudi. Mishipa ikiwa laini, linarudi taratibu, moyo umeshamaliza kazi. Lako linarudi mbio, linaukuta moyo bado unasukuma. Moyo unasukumana na wimbi lake wenyewe."

"Si mazoezi hayo!"

"Ndiyo maana ukuta wa moyo wako umenenepa. Ukizidi kunenepa utakuwa mgumu, hautajaa damu vizuri, na pumzi itakukatika."

Orrin alisikia neno moja tu: umenenepa. Kufika jioni mgahawa mzima ulishajua kuwa ana moyo mnene kuliko wetu sote. Vidonge vya presha alivyopewa na daktari akavificha kwenye droo ya soksi.

Februari, wafanyabiashara walivutana kamba na wazima moto juu ya barafu ya ziwa. Orrin aling'ang'ania kukaa nyuma kabisa, kamba kaifunga kiunoni. Filimbi ikalia, akavuta, akageuka mwekundu, pumzi ikagoma. Akaketi kitako. Wazima moto wakamkokota, akateleza kwa makalio mpaka mbele ya mchungaji wa kanisa, aliyekuja kutazama. Tulicheka hadi machozi, kisha tukaona midomo yake imekuwa ya bluu.

Wazima moto walewale wakampakia kwenye gari la wagonjwa.

Hospitalini, mapafu yakiwa yamejaa maji, alimshika Ardis mkono akilia kwa hofu.

"Nakufa, mama."

"Hufi. Meza kidonge, dume."

Akameza, na tangu siku hiyo anameza. Presha imeshuka. Kila asubuhi hutembea na Ardis kuzunguka uwanja wa mpira wa magongo.

"Ardis, ningoje!"

"Punguza maneno, ongeza miguu," anajibu Ardis, wala hageuki.