Mkwaju wa Dada Baada ya King'ora

Leo ndani ya basi la kwenda Tottenham, hapa London, kulinukia dawa ya kuchua misuli, nikamkumbuka dada yangu uwanjani, magoti yamejaa tope. Alicheza mpira wa Kiaustralia, ule wenye umbo la yai. Timu ya ligi ya jimbo moja huko Australia ilikuwa ikimtaka, na Mama alikuwa amekataa katakata. Siku hiyo ninayoikumbuka, Mama alikuja kumtazama akicheza kwa mara ya kwanza.

King'ora cha kumaliza mchezo kililia timu yake ikiwa nyuma, lakini Dada alikuwa ameudaka mpira kabla hakijalia, na kwa sheria za mchezo huo akabakiwa na mkwaju mmoja wa kuwapa ushindi.

"Anaogopa?" nilimuuliza Mama.

"Mwanangu mimi? Nyamaza uone."

Mpira ukapaa, ukapita katikati ya milingoti. Mama akapiga vigelegele, akakimbilia uwanjani na kumkumbatia na tope lake lote.

"Nenda, mwanangu," alimwambia. "Nenda ukawaonyeshe."