Kiini cha Mwalimu Umeme

Wanafunzi walimwita Mwalimu Umeme kwa sababu alifundisha fizikia, na hasira zake ziliwaka na kuzimika papo hapo. Mkewe alifundisha biolojia darasa hilohilo, kipindi kabla ya chake. Walikuwa chanda na pete, ila walituchosha walimu wenzao kwa ugomvi mmoja usiozeeka: kiini ni nini?

Mke alisema ndicho kinachoongoza seli. Mume alisema ni kile kidude kizito katikati ya atomu. Pembeni yake karibu pote ni patupu.

"Ndiyo maana chako hakina uhai, baba," mkewe alimjibu, nasi tukacheka.

Kila alipomaliza kipindi, mama yule aliacha mchoro wa seli ubaoni makusudi. Mumewe aliingia, akafuta vyote isipokuwa kiini, kisha akakizungushia njia za elektroni. Miaka yote ile hakuwahi kuchora kiini chake mwenyewe.

Baada ya mazishi ya mkewe alirudi kazini. Mchoro wa mwisho wa marehemu ulikuwa bado ubaoni. Kiranja wa darasa, kwa kumhurumia, aliufuta ubao hadi ukang'aa. Mtoto hana kosa, lakini pale mlangoni niliposimama, nusura nimzabe kofi.

Mwalimu Umeme alichukua chaki, akachora pete, akaizungushia nyingine, na nyingine, hadi chaki ikavunjika.

"Mwalimu," kiranja alisema taratibu, "hujaweka kiini."

"Mimi huwa nakikuta tu, mwanangu."