Taa Iliyowaka Bila Waya

Wapendwa, mkono huu ninaouinua mbele yenu ulikuwa umekufa. Leo unasonga ugali, kwa hivyo nisikilizeni.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo pale Oyugis, pamoja na rafiki yangu Risper. Mwenye ofisi alipoletewa kompyuta kutoka ng'ambo, alituamuru tuwe tukivua viatu mlangoni, ati vumbi litaiua. Ilikuja na kisanduku cha kuunganishia vifaa vingine, chenye waya wake wa stima, uliochomekwa nyuma ya pazia.

Mimi ni mtu wa kushuku. Nilipochomoa waya wa kompyuta, taa yake ndogo ya kijani iliendelea kuwaka. Nikamwambia mwenye ofisi, akacheka, akaniita binti wa kwetu Kabondo kwa Kijaluo.

"Nyar Kabondo, hiyo imebaki na stima ya jana."

Sikumwamini hata kidogo, lakini kazi ni kazi.

Asubuhi moja nilipiga deki, nikachomoa waya, nikaanza kuipangusa kompyuta kwa kitambaa chenye maji. Mkono ukanaswa. Vidole vilijikunja vyenyewe kwenye chuma, nikauma ulimi, mkojo ukanitoka. Nilisikia harufu ya nyama ikiungua, na nyama ilikuwa yangu. Risper akachukua stuli ya mbao akanipiga nayo mkononi hadi nikaachia.

"Stima iliingia kwa vidole ikatokea kwa kisigino," daktari alisema. "Una bahati."

Sikuiona hiyo bahati. Vidole viwili vilikuwa vyeusi, ngozi ya kiganjani imepasuka, na sikuweza kushika kijiko. Nililia nikijua mpiga chapa bila vidole si kitu.

Mama alikaa kando ya kitanda akinong'ona. "Nyathina, mwanangu, mtu akiumia si anashikwa, anavutwa? Huyu wako alikupiga na stuli. Na kompyuta ilikuwa imechomolewa. Huo ni mkono wa mtu."

Akamkataza Risper kuingia wadi. Uji alioleta ukamwagwa. Mwenye ofisi naye akamfukuza kazi upesi, na upesi huo ndio ulionitia shaka.

Nilipotoka hospitali nilinunua testa, ile bisibisi yenye taa ya kupimia stima, nikavaa viatu vya mpira, nikaenda ofisini na mama. Waya wa kompyuta ulikuwa sakafuni, umechomolewa. Nikagusa chuma chake kwa testa, ikawaka. Nikamwambia mwenye ofisi azime swichi ya nyuma ya pazia. Testa ikazimika, na ile taa ya kijani pia. Kisanduku kibovu ndicho kilichokuwa kikiipelekea kompyuta stima kwa mlango wa nyuma.

Mama akasema, "Angekushika kwa mkono, ningezika wawili."

Jioni alibeba kuku, akaenda kwa kina Risper. Tangu hapo Risper ndiye aliyenikanda vidole kwa maji moto, hadi vikakunjuka.

Namshukuru Mungu. Nanyi, msichomoe waya mmoja mkaridhika. Fuateni kila waya hadi mwisho wake. Vaeni viatu, hata mwenye kazi akinuna. Mkono huu una makovu mawili, la stima na la stuli. La stuli nalipaka mafuta kila siku.