Jina Nililolikwangua kwenye Keki

Siku moja naikumbuka kuliko zote nilizopika keki, mwanangu, na kwa kuwa umekuja kuniuliza namna ya kuchanganya rangi, acha nikuhadithie hiyo kwanza.

Nilikuwa bado kijana, nimeolewa hapa mtaani Kibokoni, na keki zangu za sherehe za watoto zilikuwa zimeanza kutajwa mji mzima. Watu walizoea keki ya mayai isiyo na pambo. Mimi nikaleta buluu, nikaleta waridi, nikaleta keki ya umbo la samaki mwenye magamba ya rangi tano. Nilijua mtoto wa nani anapenda rangi gani. Sifa ni tamu, mwanangu. Zilinilevya.

Binti yangu Salma alikuwa akitimiza miaka saba. Miaka yote ile keki yake ilikuwa vipande nilivyokata pembeni mwa keki za watu, nikaviunga kwa krimu iliyobaki. Mwaka huo nilimwahidi keki yake mwenyewe. Akachagua kijani chini na maua ya manjano juu, akakoroga rangi mwenyewe mpaka vidole vikawa kijani. Nikaandika jina lake. Akakaa akiitazama, hataki hata kwenda kucheza.

Adhuhuri hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Kizingo, analia. Keki niliyompa asubuhi ilikuwa imeteleza kwenye kiti cha gari ikapondeka, na wageni wa mwanawe walikuwa njiani.

"Nisitiri, dadangu," akasema. "Hiyo hapo itanitosha."

Ningeweza kumkatalia. Lakini nilijiona mtu mkubwa, mtu wa kukimbiliwa. Nikachukua kisu, nikalikwangua jina la Salma, nikaandika la mwanawe, Azizi. Salma alikuwa amesimama kando ya meza. Hakulia. Alikifuata kisu kwa macho tu.

"Kesho nitakupikia nyingine," nikamwambia.

"Haya, mama."

Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, alikuwa ameketi ukumbini akichagua mchele. Yule mgeni alipoondoka akaniita.

"Mwanangu, hapana atokaye mlango huu asikusifu. Lakini huyu mtoto umempa nini leo?"

"Ataelewa, mama."

"Ameshaelewa. Ndilo linaloniuma."

Kesho yake nikapika nyingine, kubwa kuliko ile. Salma akaonja kijiko kimoja, akanishukuru kwa adabu kama mgeni. Tangu hapo hakuniomba keki tena. Kila mwaka nilimuuliza, naye alinijibu, "Wapikie wenye haja, mama. Mimi sina neno."

Sasa yuko Maskati na mumewe na watoto. Kila Ijumaa hunipigia simu, ananijali, sina la kumlaumu. Ila nikiwaona wajukuu wangu kwenye simu wakizima mishumaa juu ya keki ya dukani, roho hunienda mbio kutaka kuwa pale. Mwaka jana nilijikaza nikamwomba radhi.

"Nilikusamehe zamani, mama," akasema. "Ila ile keki niliipenda sana."

Nikalia na simu mkononi. Msamaha nimeupata, mwanangu, lakini yule mtoto wa miaka saba hatarudi kusimama mezani pangu, nami namtamani mpaka leo.

Basi nakuusia. Wapikie watu kwa moyo, watoto wa mji wafurahi. Lakini uliyemwahidi nyumbani mwako usimweke nyuma ya mgeni eti kwa kuwa unajua atakuvumilia. Mgeni ukimnyima atakasirika, atakwambia usoni, na yatakwisha. Wako atanyamaza, nawe utadhani ameridhika. Na ukikosea, mtake radhi siku ile ile, akiwa bado mdogo wa kupakatwa. Usingoje miaka kama mimi.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako. Akujaalie watoto wasioona haya kukuomba, na akupe umri na nafasi ya kuwaitikia. Amin, mwanangu, amin.